Wazee wa Zamu wa Khumjung

Sikukuu ya Dumji ikishapita, katikati ya mwaka, mifugo ya Khumjung hufunga safari. Yaki, ng'ombe na machotara wao huswagwa hadi malisho ya juu, jirani na barafu, na bondeni hubaki watu, mbwa na viazi. Atakayebakiza mnyama wake baada ya siku iliyotangazwa hulipa faini. Wa kumtoza si askari wala karani kutoka Kathmandu. Ni jirani yake, ambaye kijiji kimempa zamu ya kuwa nawa.

Khumjung ni kijiji cha Washerpa katika eneo la Khumbu, kaskazini mashariki mwa Nepal, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka chini ya mlima Everest. Kiko karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akalala Horombo, alilala chini kidogo ya hapo. Ila Horombo mtu hulala siku moja mbili akaenda zake, na Khumjung watu huzaliwa, hulima na kuzeekea. Nyuma ya nyumba umesimama Khumbila, mlima wa mita 5,761, makazi ya mungu anayeilinda nchi yao. Wenyeji waliowapandisha wageni Everest mara zisizohesabika hawaupandi Khumbila.

Duniani neno "sherpa" limegeuka kuwa jina la kazi, kana kwamba kabila zima lilizaliwa na mzigo mgongoni. Maana yake ni watu wa mashariki. Mababu zao walitoka Kham, mashariki ya Tibet, na kuingia Khumbu katika karne ya 16. Walikuja na dini ya Kibuddha na mifugo, na muda si mrefu wakakumbana na kesi ambayo mfugaji na mkulima wa popote anaijua: mnyama wa huyu ndani ya shamba la yule.

Huko kesi hiyo ni nzito kuliko tunavyoweza kudhani. Msimu wa kilimo ni mfupi, kuanzia masika yao hadi mwezi wa tisa, na baada ya hapo theluji haina mswalie Mtume. Shamba likiliwa mwezi wa saba hakuna vuli ya kufidia. Kuta za mawe zinazozunguka mashamba husaidia, lakini ukuta haumzuii yaki mwenye njaa. Ndipo likaja jambo la nawa. Wanakijiji hukutana na kuwateua watu wa zamu: wa mashamba, na wa msitu, ambao huitwa shinggi nawa. Wa mashamba hutangaza siku ya mifugo kuondoka, eneo lipi limefungwa na lini litafunguliwa tena. Hata majani ya kukausha kwa ajili ya majira ya baridi yana siku yake; ukiyafyeka mapema una kesi. Wa msitu huangalia nani kakata mti gani na kwa kazi gani. Faini ya zamani mara nyingi ililipwa kwa chang, pombe ya nafaka, nayo ikanywewa pamoja. Mkosaji aliadhibiwa na kufarijiwa kwa chungu kimoja.

Hawakuwa machifu. Kwa muda mrefu Khumbu ilikuwa na pembu, watu waliorithishana kazi ya kukusanya kodi za serikali, na hao ndio waliokuwa na heshima ya kiti. Nawa alikuwa mtu wa kawaida anayejua kwamba zamu yake ikiisha atarudi kuwa mfugaji, na kwamba jirani aliyemtoza huenda akashika zamu baada yake. Nadhani nguvu ya mpango huu ilikuwa hapo. Ni vigumu kumwonea mtu ambaye kesho anaweza kuja kuhesabu ng'ombe zako.

Halafu kikaja kiazi. Kabla yake Washerpa wa Khumbu walitegemea hasa shayiri na aina ya nafaka chungu yenye punje za pembe tatu. Viazi mbatata viliingia katikati ya karne ya 19. Wengine husema mbegu ilitoka bustani za Waingereza kule Darjeeling, wengine husema Kathmandu. Vikaipenda ardhi ya mchanga na baridi. Leo Msherpa huvichemsha akavichovya kwenye pilipili, huvitia ndani ya shyakpa, mchuzi mzito wa mboga na nyama, au huvikwaruza akaoka riki kur, chapati nene ya viazi inayoliwa na siagi. Vya akiba hufukiwa kwenye mashimo karibu na nyumba visigande.

Christoph von Fürer-Haimendorf, profesa mzaliwa wa Austria aliyefundisha London, alifika Khumbu mwaka 1953 na kurudi mara kadhaa. Aliandika kwamba Khumbu ilikuwa na kaya 169 mwaka 1836, na kufikia 1957 zilikuwa 596. Ongezeko hilo, na ziada iliyowezesha kulisha watawa na kujenga nyumba kubwa za ibada kama Tengboche, iliyoanzishwa mwaka 1916, alilihusisha na kiazi. Watafiti waliomfuata wamempinga kwa kiasi, na mimi niko upande wao. Wahamiaji waliendelea kuingia kutoka Tibet, na biashara ya chumvi na sufu kupitia kivuko cha Nangpa La, kilicho juu ya mita 5,700, ilileta mali ambayo jembe peke yake lisingeileta. Hata hivyo kiazi kiliongeza midomo, mashamba na mifugo, na kazi ya nawa haikupungua.

Dumji yenyewe ni zamu nyingine. Sikukuu hii humkumbuka Lama Sangwa Dorje, ambaye huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa hekalu la Pangboche, kongwe kuliko yote Khumbu. Masimulizi ya Washerpa husema alikuwa akiruka angani. Kwa siku kadhaa watawa husoma, huvaa vinyago na kucheza, na pepo wabaya hufukuzwa kijijini. Gharama hubebwa na kaya chache kwa mwaka, kisha zamu huhamia kwa nyingine. Kulisha na kunywesha kijiji kizima si mchezo, na familia hujiandaa mapema sana. Lakini mwenye shughuli mwaka huu atakuwa mgeni miaka mingi ijayo, na atakunywa cha wenziwe.

Mwaka 1957 serikali ya Nepal ilitaifisha misitu. Kwa sheria iliyoandikwa mbali na Khumbu, msitu wa Khumjung ukawa wa taifa, na shinggi nawa akabaki mlinzi wa kitu kisicho chake. Miaka michache baadaye China ikaibana njia ya Tibet na biashara ya chumvi ikadorora. Mwaka 1976 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, na wanajeshi wake. Wenyeji walinung'unika kwamba wanalindiwa msitu ambao babu zao waliulinda bila bunduki.

Kati ya mambo hayo mawili, sheria na hifadhi, kilitokea kisa cha ngozi ya kichwa. Katika hekalu la Khumjung kulikuwa na kitu chenye umbo la kofia, chenye manywele mekundu, kilichoaminika kuwa ngozi ya kichwa cha yeti, yule mtu-mnyama wa thelujini. Mwaka 1960 Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alikuja kumtafuta yeti na akaomba kuazima kofia hiyo ikachunguzwe na wataalamu. Wanakijiji walikubali kwa masharti: irudi baada ya wiki sita, na isiende peke yake. Mzee wao Khumjo Chumbi akaandamana nayo hadi Chicago, Paris na London. Wataalamu wakasema imetengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Chumbi akarudi nayo nyumbani.

Mwaka 1961 Hillary akawajengea Khumjung shule, jengo dogo la alumini. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa mvulana kutoka Khunde, kijiji pacha, aliyeitwa Mingma Norbu. Mingma ni Jumanne. Washerpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa, kama Waswahili wenye Juma na Khamis: Dawa ni Jumatatu, Pasang ni Ijumaa, na Jumamosi ni Pemba, hivyo Mpemba akifika kule atakuta majina yake yamemtangulia. Mingma huyu alisoma, akaenda New Zealand kujifunza kazi ya hifadhi, na akawa Msherpa wa kwanza kuongoza Hifadhi ya Sagarmatha.

Alichofanya kilikuwa rahisi kukieleza: aliwarudisha shinggi nawa. Katika miaka ya 1980 vijiji viliteua tena wazee wa zamu wa msitu, safari hii hifadhi ikiwatambua. Hawakurudi na nguvu zao zote. Mwaka 2006 Mingma alifariki katika ajali ya helikopta mashariki mwa Nepal, pamoja na wahifadhi wengine.

Leo kazi ya nawa ina maadui wapya. Mwenye nyumba ya kulaza watalii anataka wanyama wake wa mizigo wawe karibu, hata kiangazi. Vijana wako Kathmandu na New York, na zamu ikifika kwenye nyumba yao hukuta bibi peke yake. Kijiji cha Phortse, ng'ambo ya bonde, kinasifika kwa kushika sheria kwa ukali zaidi; Khumjung hubishana kila mwaka.

Kofia ya yeti bado ipo. Imefungiwa kabatini hekaluni, nyuma ya kioo, na mgeni akitoa sadaka mtunzaji huleta ufunguo.