Haki na Kipimo Chake

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 kando ya ziwa linaloyapa jina na maji. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 39, yampa kila Mganda haki ya mazingira safi. Sheria ya Mazingira ya 2019 yaitaja kuwa haki ya kila mtu aliye nchini. Mkimbizi naye yumo.

Lakini haki huhitaji ushahidi. Kumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilieneza sumu ya risasi isiyoonekana kwa macho. Damu ya mtoto wa Phyllis Omido ilipimwa, kisha ya wengine, na udongo pia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2024.

Basi anayeanzisha maabara ndogo Nakivale aanze na chupa safi na daftari. Mtambo wa kupima risasi ni ghali. Autafute Mbarara, penye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu 1989. Lakini mahali, saa na jina la mchotaji viandikwe papo hapo ziwani, kwani hakimu atayauliza hayo kwanza.