Nani Anafungua Mulango wa Lupango?

Hapa kwetu Kalemie, mutu wa heshima anasimama inje ya lupango, anasema: hodi! Anangojea. Akisikia "karibu", ndipo anaingia. Hata pasipo mulango wala ukuta, ile sauti peke yake ilikuwa mulango. Leo tunaona mulango mukubwa wa chuma unafunguka wenyewe, mwenye gari amebonyeza kidude tu. Jirani mumoja alituuliza: anunue mashini ya namna gani? Siye watu wa historia tukamwambia tuanze mbali kidogo.

Wakati wa biashara ya watumwa, vijiji vingi vya kando ya ziwa vilizungushwa miti mirefu, na mulango ulifungwa jioni. Wageni nao walijenga vile vile. Storms alisimika kituo cha Mpala mwaka 1883, na Mapadri Weupe wakakipokea mwaka 1885. Mwisho wa 1891 kapiteni Jacques alianzisha Albertville, mji wetu wa leo, na mwaka 1892 watu wa Rumaliza wakaizingira boma yake kwa miezi. Nyakati zile, mutu wa mulangoni alishika uzima wa wote waliomo ndani.

Kisha akaja zamu. Nyumba za wazungu wa reli na za kiwanda zilikuwa na zamu, na mababu wetu wengi walilisha watoto kwa kazi hiyo. Zamu alijua nani ni ndugu, nani ni mwizi, nani amekuja kuomba chumvi. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipandisha kuta. Halafu MONUC na mashirika ya misaada waliingia, na kila nyumba ya kupangisha ikatakiwa ukuta na mulango wa chuma. MONUSCO iliondoka Kalemie mwaka 2022, lakini kuta zimebaki.

Mashini yenyewe si ajabu mupya. Heroni wa Alexandria, karibu miaka 2000 iliyopita, aliandika namna moto wa madhabahu unavyoweza kufungua milango ya hekalu. Kule Marekani, C. G. Johnson alitengeneza mashini ya umeme ya kufungua mulango wa garaji mwaka 1926.

Sasa jirani yetu. Hakutungojea, maana historia yetu ilikuwa ndefu! Alinunua ya bei rahisi, isiyo na betri, akamwachisha zamu kazi. Usiku mumoja umeme ulikatika, na mutoto wake akashikwa na homa kali, anatetemeka. Gari iko ndani, mulango umekaza. Ufunguo wa kuachanisha mota na mulango ulikuwepo, lakini hakuna aliyejua uliwekwa wapi. Tulimupitisha mutoto juu ya ukuta, mikono kwa mikono, tukamupandisha pikipiki. Namshukuru Mungu, alipona.

Tangu siku ile tunawaambia wenye kutuuliza: kwanza sukuma mulango wako kwa mukono. Kama mutu mumoja hawezi, mota nayo itachoka upesi. Bawaba zitengenezwe mbele. Mulango wa kuteleza juu ya reli unataka kufagiwa muchanga kila mara, na mota yake inakaa chini. Mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia katika mitaa ya chini. Mota ya namna ile ingezama. Lakini kule milimani, mulango wa mabawa mawili ukifunguka kuelekea mupando unagonga udongo, basi heri reli. Nyingi zinatumia volti 24, zenye betri mbili za volti 12, na zinakubali sahani ya jua. Usikose lile jicho linalosimamisha mulango mutoto akipita. Watoto wetu wanachezea palepale.

Jirani alimwita tena zamu wake. Mashini sasa ina betri, na ufunguo umetundikwa kwenye musumari ndani ya kibanda cha muzee. Mugeni akisema hodi, ni yeye anayeitika.