Mabwawa ya Tana na chakula cha bahari

Historia ya mabwawa ya Mto Tana husimuliwa kwa megawati. Kindaruma lilianza kufua umeme mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Wakazi wa Kiritiri, Mbeere Kusini, wanayajua kwa samaki wake na kwa mashamba yaliyozama. Iko historia nyingine ambayo haijapewa nafasi yake: ya kaboni inayoteremka na maji ya mto huo hadi Bahari Hindi.

Majani yanapooza kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, mvua huyaloweka kama majani ya chai. Kaboni inayotoka humo huyeyuka na kupenya hata chujio laini sana. Kabla ya 1968 iliteremka pamoja na tope bila kizuizi kikubwa, ikapita Garissa, Hola na Garsen, hadi Kipini, mto unapoingia baharini.

Mabwawa yaliivuruga safari hiyo. Maji yakitulia Masinga, tope huzama na mabaki ya mimea yaliyoshikamana nalo. Mwani hutengeneza kaboni mpya kwa nguvu ya jua, na bakteria huila na kutoa hewa ya ukaa. Kati ya 2008 na 2010, watafiti Fredrick Tamooh wa Kenya, Steven Bouillon wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzao walipima mto huu tangu vijito vya mlimani, wakakuta tope likipungua sana maji yanapopita mabwawani.

Mto unapokutana na Ghuba ya Ungwana, mikoko huongeza kaboni yake. Bakteria huila, nao huliwa na vijidudu vinavyolisha kamba na samaki wadogo. Jua huvunjavunja sehemu nyingine. Sehemu ya inayobaki huchukuliwa na mikondo hadi kilindini, ambako inaweza kukaa maelfu ya miaka. Bahari zote duniani zina takriban tani bilioni 660 za kaboni ya namna hii, iliyoyeyuka na kutokana na viumbe, kiasi kinachokaribiana na kaboni iliyo angani.

Sasa linakusudiwa kujengwa bwawa la High Grand Falls, chini ya Kiambere. Likipimwa kwa umeme na ekari za kilimo tu, kosa la miaka hamsini litarudiwa. Kaboni na tope vipimwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na mvuvi wa Kipini aitwe kwenye kikao kimoja na mkulima wa Mbeere, kwa sababu mto unaowalisha ni mmoja.