Kukusanya DVD za Anime, Muvi na Gemu Migori na Homa Bay: Mambo Yote ya Kujua Kabla Duka la Mwisho Halijafungwa

Kama unaishi Migori, Rongo, Awendo, Homa Bay, Oyugis ama Mbita, unakumbuka duka la muvi. Unaingia, unachambua diski zimepangwa kwa karatasi za plastiki, unauliza kama Naruto mpya imefika, unatoa 50 bob, unaenda zako. Siku hizi ukiingia duka hilo hilo, kama bado liko, msee anakuuliza tu: "Flashi yako ni GB ngapi?" Diski zimerudishwa nyuma ya kaunta, zinakula vumbi, na siku duka linageuzwa M-Pesa ama kinyozi, zinaenda kwa jalala.

Hapo ndipo wewe unaingia. Kukusanya diski si hobi ya watu wa majuu pekee. Huku kwetu inaweza kufanywa na doo kidogo, na kuna vitu utaokoa ambavyo hakuna kampuni itakuja kuvitoa tena. Soma hii kabla uanze kusaka.

Kwa nini diski, na kila kitu kiko online?

Kwa sababu cha online si chako. Tarehe 2 Aprili 2024, huduma ya mtandaoni ya Funimation, jina kubwa la anime huko Marekani, ilifungwa na wateja wakaelekezwa Crunchyroll. Kuna wasee walikuwa wamenunua DVD na Blu-ray halali zenye kodi ya nakala ya kidijitali. Hizo nakala hazikuhamishwa, zikapotea hivyo. Waliobaki na kitu ni wale walikuwa bado na diski kwa shelfu.

Upande wa gemu ni vile vile. Septemba 2023, EA Sports FC ikiwa karibu kutoka, EA ilitoa gemu za zamani za FIFA kwenye maduka ya mtandaoni, FIFA 23 ikiwemo. Leo ukitaka kuanza kucheza FIFA 23 kwa PS4 kwa njia halali, unasaka diski ya mkono wa pili.

Halafu kuna hesabu ya bundles. Diski haikuombi data, na mtandao ukilala ama uko Mfangano na network inacheza pata potea, muvi yako inaendelea.

Uanze kusaka nini?

Wengi wanaanza na anime kubwa. Poa, lakini Dragon Ball Z yenye episodi 291 ama Naruto ya kwanza yenye 220 haziendi popote. Ziko kila pembe ya dunia. Anza na zile ziko huku tu. Mpangilio mzuri ni huu:

1. Diski za nyumbani. Harusi ya mamako mdogo, mazishi ya kwaru, graduation ya brathe. Kwa miaka mingi cameraman wa mtaa alikuwa anashoot, anaburn DVD chache, anabandika karatasi yenye picha, basi. Mara nyingi cameraman mwenyewe alishafuta faili kitambo. Hiyo DVD kwa kabati inaweza kuwa mahali pekee sauti ya kwaru imebaki.

2. VCD na DVD za muziki wa hapa. Ohangla, benga, rumba ya Kijaluo, na kwa upande wa Kehancha nyimbo za iritungu za Wakuria. Video za mastaa kama Tony Nyadundo utapata zingine online. Lakini bendi ndogo iliyorekodi mara moja, ikauza diski zake sokoni na kwa stage, hiyo ukiiona chukua mbio.

3. Muvi za Riverwood. Jina limetoka River Road, Nairobi, ambapo muvi za Kikenya za bajeti ndogo zilikuwa zinatengenezwa na kuuzwa kwa diski. Nyingi hazikuwahi kuingia sinema wala TV.

4. Bongo movie. Migori ina bahati ya mpaka. Kutoka Isebania unavuka tu uko Sirari, Tanzania. Muvi za Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilitazamwa sana upande huu pia. Kutoka 2013 Tanzania ilianza kuweka stempu za kodi za TRA kwa diski za muziki na filamu, kwa hivyo diski ya baadaye yenye stempu ni dalili nzuri kwamba ilipitia njia halali.

5. Muvi za DJ Afro. Muvi yenyewe ya Hollywood ama ya Kihindi utaipata popote. Ile sauti yake juu ya muvi, na vile mtaa mzima ulikuwa unacheka kwa kibanda cha video, hiyo ni historia yetu. Jua tu kwamba haki ya hiyo muvi ni ya mwenyewe, kwa hivyo hizi ni za kuweka, si za kuburn na kuuza.

6. Anime, muvi za nje na gemu. Hapa sasa ni roho yako. Chagua upande mmoja kwanza, kama filamu za Studio Ghibli pekee ama gemu za PS2 pekee. Ukikusanya kila kitu utaishiwa na doo na nafasi kwa keja.

Jua diski unayoshika

- VCD: inatumia CD ya kawaida na inabeba karibu dakika 74. Ndiyo maana muvi moja ilikuwa inakuja na diski mbili, na unaamka kubadilisha moto ukiwa umewaka. Picha yake ni hafifu.
- DVD: ilianza kuuzwa Japani 1996. Ya leya moja inabeba GB 4.7, ya leya mbili GB 8.5. Ukiona DVD moja imeandikwa "episodi 50", jua picha imefinywa hadi nyuso za wahusika zinakaa vumbi.
- Blu-ray: ilitoka 2006. Inabeba GB 25 ama 50 na picha ni safi kabisa. Huhitaji kununua deki mpya, PS3 ama PS4 yako yenye mlango wa diski inaisoma.

Original ama ya kuburn?

Igeuze uangalie tumbo. Diski ya kiwandani ni ya rangi ya fedha ama dhahabu kidogo. Ya kuburn ina rangi ya zambarau, buluu ama kijani. Chunga hapo kwa gemu: diski original za PS1 ni nyeusi chini, na gemu kadhaa za PS2 zilizotoka kwa CD ni za buluu. Usizitupe ukidhani ni fake.

Angalia pia pete ya ndani karibu na shimo. Za kiwandani huwa na namba ndogo zimechongwa, mara nyingi pamoja na herufi IFPI. Juu, maandishi yamechapwa kwa diski yenyewe, si karatasi ya kubandika. Kwa kazi za Kenya, tafuta stika ya KECOBO, ile bodi ya hakimiliki. Alama za GE, PG, 16 na 18 ni za KFCB, zinaonyesha umri wa mtazamaji.

Lakini usidharau diski ya kuburn kama kilicho ndani hakipatikani kwingine. Cameraman wa Ndhiwa hakuwa na kiwanda. Kwake, kuburn ndiyo ilikuwa original.

Mambo ya region

Hapa ndipo wasee wengi huchomeka. DVD nyingi za kiwandani zimefungiwa maeneo. Kenya iko region 5, Uingereza na Japani ziko 2, Marekani iko 1. Deki nyingi za bei rahisi kutoka China husoma zote. Drive ya kompyuta ni tofauti: inakuruhusu kubadilisha region mara 5 tu, kisha inajifunga kwa ile ya mwisho.

Blu-ray zina mpangilio wake. Afrika na Ulaya ni B, Marekani na Japani ni A. Kwa hivyo cousin akikutumia anime ya Blu-ray kutoka London, PS iliyouzwa kwa soko la Ulaya itaicheza. Akiinunua Tokyo ama Dallas, uliza kwanza kama diski ni ya region zote.

Upande wa gemu

Gemu za PS2 zimefungiwa region, isipokuwa mashine yako imewekwa chip, kama nyingi za vibanda vya PS mtaani. PS2 imezeeka na lenzi nyingi zimechoka, kwa hivyo kabla ulipe, weka diski uone kama inafunguka. FIFA 14 na PES 2014, zote za 2013, ziko kati ya gemu za mwisho kabisa kutolewa kwa PS2, na ni za kuweka.

Diski za gemu za PS3 na PS4, karibu zote, zinacheza kwa mashine ya region yoyote. PS5 yenye mlango wa diski inacheza nyingi sana za PS4. Ukinunua PS5 isiyo na mlango, jua umeaga diski za mkono wa pili, isipokuwa kama ni ile inayokubali drive ya kununua kando. Uliza pia kama gemu imekamilika ndani ya diski. Kuna zingine zinataka update kubwa ya GB kadhaa, na bundles zako zitalia.

Usisahau kuchomeka mashine kwa fridge guard. Stima yetu inapotea na kurudi ikiwa na hasira.

Pa kusaka

- Maduka ya muvi yaliyogeuka ya kuwekea watu muvi kwa flashi. Usiulize "kuna DVD?" Sema, "Omera, zile za zamani uliweka wapi?" Mara nyingi kuna katoni nzima, na mwenyewe atafurahi kuuza zote kwa bei ya jumla.
- Vibanda vya PS vinavyohama kutoka PS2 ama PS3 kwenda mashine mpya.
- Studio za picha na macameraman wa harusi wa zamani.
- Siku za soko na wauzaji wa redio na elektroniki za mitumba.
- Watu wa Nairobi na Kisumu wanaotuma kwa parcel ya basi. Omba video fupi ya tumbo la diski chini ya mwanga kabla utume pesa.

Kutunza: jua, mabati na ziwa

Maadui wako ni watatu. Nyumba ya mabati saa nane mchana ni oveni. Jua linaua rangi iliyo ndani ya diski ya kuburn, na hiyo rangi ndiyo imebeba data. Na ukiwa Homa Bay mjini, Kendu Bay ama Mbita, unyevu wa ziwa unaleta ukungu kwa diski na makaratasi.

- Shika diski kwa kingo na shimo, usiguse tumbo.
- Zisimamishe wima kama vitabu. Ukizilaza na kuzirundika zinapinda.
- Weka kwa kabati la chini, mbali na dirisha. Okota vile vipakiti vya kukausha unyevu kwa maboksi ya viatu uviweke humo.
- Kusafisha: maji safi na sabuni kidogo, kisha kitambaa laini cha pamba. Futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.
- Achana na hadithi ya kusugua na Colgate. Inakwaruza zaidi.
- Kwa CD na VCD, upande wa juu ndio dhaifu zaidi, kwa sababu data iko chini tu ya maandishi. Kwa DVD data iko katikati ya plastiki mbili.
- Usibandike stika mpya, wala usijaribu kubandua ya zamani.

Fanya nakala leo

Diski ya kuburn ya 2008 haijakuahidi kesho. Laptop za sahii hazina mlango wa CD, kwa hivyo nunua drive ya nje ya USB, ama mchange na mbogi mnunue moja ya kuzungushana. Kopi DVD nzima kama faili ya ISO, si vipande vipande. Fungua kwa VLC, uangalie mwanzo, katikati na mwisho. Weka nakala mbili kwa hard disk mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, tuseme kwa siz wako Rongo. Flashi peke yake si stoo. Inapotea kwa mfuko wa jinzi.

Kuuza nakala za kazi ya mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Ukipata diski ya bendi ya hapa na wenyewe wako hai, wapigie simu uwaambie uko nayo. Kuna wanamuziki ambao hawajabaki na hata nakala moja ya kazi yao.

Andika orodha

Daftari ama lahajedwali ya simu inatosha. Jina la kazi, mwaka, aina ya diski, original ama ya kuburn, uliipata wapi, nani yuko ndani, na tarehe uliyofanya nakala. Kwa diski za nyumbani, kaa na wazee wakutajie majina ya watu kwa video wakiwa bado wanawakumbuka.

Wikendi hii fungua lile kabati chini ya TV, toa kila diski isiyo na jina, na uanze na moja.