Kompyuta Inapogoma Kuwaka: Butiloda, Kerneli na Umeme wa Kanda ya Dhahabu

Kompyuta ya Linux inapogoma kuwaka baada ya kusasishwa, lawama kwa kawaida huiangukia kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya mashine. Lakini mara nyingi kerneli yenyewe haina kosa, na kilichovurugika ni butiloda, programu ndogo inayoitafuta kerneli kwenye diski, kuipakia katika kumbukumbu na kuikabidhi uendeshaji.

Butiloda iliyotawala miaka ya 1990 ilikuwa LILO, ya Werner Almesberger, ambayo haikuwa na uwezo wa kusoma mpangilio wa mafaili na kwa hiyo ilihifadhi orodha ya mahali halisi pa kerneli kwenye diski. Kerneli ilipobadilishwa, orodha hiyo ilipitwa na wakati, na aliyesahau kuendesha amri ya lilo kabla ya kuzima mashine aliikuta imekwama. Ilikuwa na adabu moja ambayo warithi wake hawakuiiga: ilichapisha herufi za jina lake moja baada ya nyingine kadiri kila hatua ilivyokamilika, hivi kwamba fundi aliyeona "LI" tu alijua hatua ya pili imepakiwa lakini haikuweza kuanzishwa.

GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, iliondoa utegemezi huo kwa kusoma mafaili yenyewe, na toleo lake la pili likawa la kawaida katika Ubuntu ya Oktoba 2009, miezi michache baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kuihudumia Tanzania. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kutoa, kupitia mradi wa Kilinux, Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwishoni mwa 2004. Hatua hiyo ilistahili sifa, ila ilihusu programu ambazo mtumiaji huzikuta kompyuta ikishawaka. Fundi aliyekodolea macho kidokezo cha "grub rescue>" hakufaidika nayo.

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, historia ya tatizo hili haitengani na ya umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na vijiji vya wachimbaji wadogo kama Mwakitolyo vilikuwa miongoni mwa maeneo ambayo umeme wa gridi haukuwa jambo la kutegemewa tangu mwanzo. Hata miji iliyounganishwa ilipitia mgao mkali wa mwaka 2006 na wa 2011. Kusasisha kerneli ni kazi ya hatua kadhaa: kunakili kerneli, kutengeneza initramfs, ambayo ni kifurushi cha viendeshi vinavyohitajika kabla diski kuu haijafunguliwa, kisha kuandika upya orodha ya GRUB. Jenereta ikizimika katikati, kompyuta ya mezani isiyo na betri huachwa na kerneli mpya isiyo na initramfs kamili. Matokeo yanayofanana na hayo hupatikana bila umeme kukatika, pale sehemu ya diski iitwayo /boot inapojaa kerneli za zamani.

Dawa ya kwanza ni ya zamani na rahisi: GRUB huhifadhi kerneli iliyotangulia katika menyu yake, na aliyeichagua huwasha mashine, akafuta kerneli zisizohitajika isipokuwa hiyo, akaendesha update-initramfs na update-grub. Menyu isipoonekana kabisa, fundi huwasha kwa fleshi yenye Linux, huunganisha diski ya mgonjwa, huingia ndani yake kwa chroot, amri inayoifanya diski hiyo ionekane kuwa mfumo mkuu, kisha husakinisha butiloda upya kwa grub-install. Kazi hii haihitaji intaneti endapo fleshi ipo, sifa yenye thamani kubwa mahali ambapo bando ni ghali.

Ukaguzi wa sahihi za programu wakati wa kuwasha, ulioenea na Windows 8 mwaka 2012, umeongeza chanzo kipya cha tatizo hili. Agosti 2024 sasisho la Windows lilikataa butiloda za zamani za Linux katika kompyuta zenye mifumo miwili, na wamiliki walilazimika kuzima ukaguzi huo kwa muda, kufuta sera mpya kutoka ndani ya Linux, kisha kuurudisha.