Uislamu na utaifa Kaskazini Mashariki: Kutoka ndoto ya kujitenga hadi madai ya uraia

TARBAJ ni mji mdogo katika barabara itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Wengi mno wa wakazi wake ni Wasomali, na ni Waislamu. Kwa zaidi ya nusu karne, siasa za eneo hilo zimezunguka swali moja: Je, dini na kabila la mtu vyaweza kuamua yeye ni raia wa nchi gani?

Swali hilo si la Kenya pekee. Nchini Sri Lanka, watawa wa dini ya Budha walikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya 1956 iliyokifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi ya pekee, na katiba ya 1972 ikaipa dini hiyo nafasi ya kwanza. Watamil, ambao wengi wao ni Wahindu, wakajiona wageni kwao. Kaskazini mwa Kenya mambo yalikwenda kinyume: dini ya walio wachache nchini ndiyo iliyobeba utaifa wa kutaka kujitenga.

Waingereza walichangia pakubwa. Kwa sheria ya 1902, na nyingine ya 1934, waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD, hata mtu akahitaji kibali kuingia au kutoka. Kismayu nayo ilikuwa ndani ya koloni la Kenya hadi 1925, Jubaland ilipokabidhiwa Italia. Mpaka uliowatenganisha ndugu ulikuwa mchanga kuliko wazee waliouvuka na ngamia wao.

Katika hali hiyo, chama cha Somali Youth League, kilichoasisiwa Mogadishu mwaka 1943, kilifungua matawi NFD kabla ya kupigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1948. Koo zilizogombania visima na malisho zilihitaji kitu cha kuziunganisha. Lugha ilifaa, na Uislamu ulifaa zaidi, kwa kuwa uliwagusa pia Waborana na Wasakuye waliosilimu. Somalia ilipopata uhuru Julai 1, 1960, katiba yake ilitangaza Uislamu kuwa dini ya dola, na pembe moja ya nyota katika bendera yake iliwakilisha NFD.

Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kusikiliza maoni ya wakazi. Ilibainika kwamba wengi walitaka kuungana na Somalia, na kwamba mahali maoni yalipogawanyika, mpaka ulikaribiana sana na ule wa Waislamu na wasio Waislamu. Hata hivyo, Machi 1963 Uingereza iliamua eneo hilo libaki Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London.

Lakini dini haikueleza kila jambo. Chifu Haji Galma Dido wa Waborana alikuwa Mwislamu, naye alipinga kujitenga. Aliuawa Juni 1963 pamoja na mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera.

Vita vilivyofuata viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Serikali ya Kenya iliwaita wapiganaji "shifta", yaani majambazi, na neno hilo likawaganda hata wachungaji ambao hawakuwahi kushika bunduki. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Februari 1984, wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa kwa siku kadhaa na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura hutaja mamia, hata maelfu. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walisajiliwa upya na kupewa kadi za pekee kuthibitisha uraia wao.

Wakati huo ndoto ya Mogadishu ilikuwa imeingia doa. Januari 1975, serikali ya Siad Barre iliwaua mashehe 10 waliopinga sheria yake mpya ya familia, na mwaka 1991 dola lenyewe likasambaratika.

Tangu hapo, Uislamu wa kaskazini umetumika zaidi kudai nafasi ndani ya Kenya. Mwaka 1993 wazee wa Wajir walitia saini Azimio la Al-Fatah kukomesha mapigano ya koo. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa waasisi wa harakati hizo za amani, aliegemea mafunzo ya Kurani na akapata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Katiba ya 2010 ilibakiza mahakama za kadhi licha ya upinzani wa makanisa, huku ikisema hakuna dini ya dola.

Al-Shabaab walijaribu kuwagawanya tena watu kwa dini. Desemba 2015 walilivamia basi karibu na El Wak na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na taifa likamtunuku nishani.

Hata baada ya hayo, kijana wa Tarbaj aliyeomba kitambulisho alisailiwa kwanza na kamati ya wazee na maafisa wa serikali, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakulijua. Ilikuwa Februari 2025, mjini Wajir, ambapo Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo.