Kopo la Kuwashia Mkaa: Kazi ya Mafundi Tusiowajua kwa Majina

Wadau, tukio hili mnalijua. Jumamosi jioni, nyama iko tayari, wageni wameshafika, na mwenye nyumba kachoka kupepea jiko kwa kifuniko cha sufuria. Mkaa unatoa moshi tu. Ndipo anapaza sauti: "Hebu leteni mafuta ya taa!"

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kaka yangu alimwagia mafuta mara ya pili akidhani moto umezima. Kumbe haukuwa umezima. Nyusi ziliota tena, lakini kovu la mkononi analo mpaka leo. Na ile nyama ilinuka mafuta, hakuna aliyeila.

Kinachouma ni kwamba dawa ya tatizo hili ipo siku nyingi, tena haina gharama. Ni kopo tupu lenye matundu. Lina historia yake pia, ila ukitafuta jina la aliyelianzisha hulipati.

Tuanze mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya taa kutoka Marekani yalisafirishwa kwa meli yakiwa kwenye mabati ya mraba, mawili kwa kila kasha la mbao. Kwetu bati hilo likaitwa debe, neno lililotoka kwa Wahindi. Mafuta yakiisha, debe halitupwi! Likawa ndoo ya maji, kipimo cha mahindi sokoni, kipande cha paa, na mikononi mwa fundi bati likawa jiko.

Na jiko lenyewe? Wengi wanaoeleza historia yake Kenya husema jiko la bati la mkaa lilikuja na vibarua Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya reli hiyo. Nani kati yao aliinama akakunja bati la kwanza? Hakuna aliyeandika. Miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakachukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakatia udongo wa kuchoma ndani ya bati. Ndilo lile jiko lenye kiuno linalopunguza matumizi ya mkaa. Hapo tena, walio wengi hatuwajui.

Marekani nako ni hivyo hivyo. Ellsworth Zwoyer anakumbukwa kwa hataza yake ya 1897 ya mkaa wa kushindiliwa. Henry Ford anatajwa kwa kugeuza mabaki ya mbao za magari yake kuwa mkaa wa aina hiyo miaka ya 1920. George Stephen ana sifa yake kwa jiko la mviringo lenye mfuniko, 1952. Lakini wale skauti na wapiga kambi waliotoboa makopo ya kahawa ili mkaa uwake bila mafuta? Kimya. Aliyekuwa na kiwanda kaandikwa, aliyekuwa na msumari na nyundo kasahaulika.

Sasa tuwaenzi kwa vitendo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile la bati. Usitumie kopo la rangi wala bati lililopakwa zinki, maana likipata moto hutoa moshi wenye sumu. Toa mfuniko, kisha toboa matundu mengi kwenye kitako na mengine kuzunguka ubavuni, karibu na chini. Funga waya mnene uwe mpini. Mara ya kwanza lichome likiwa tupu, nje, hadi rangi na harufu viishe.

Siku ya kuchoma, lisimamishe juu ya mawe matatu, mafiga yale yale ya bibi. Jaza mkaa, sukumiza karatasi mbili za gazeti chini yake, washa karatasi. Basi, usipepee! Hewa iliyopata moto inapanda juu, inavuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, na moto unajichochea wenyewe. Baada ya dakika 15 hadi 20, mkaa wa juu ukianza kuvaa majivu, shika kwa koleo au kitambaa kinene kikavu, mimina kwenye jiko. Iwe nje siku zote, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo imeua watu wengi waliolala na jiko ndani.

Ukifikiria, inachekesha na inasikitisha. Bati la mafuta ya taa ndilo lililotupa jiko, na mafuta yenyewe ndiyo yanayotuunguza. Wazee wale walitunza kilichofaa, bati. Sisi tumetupa kopo, tumeshika chupa ya mafuta.

Kaka yangu sasa ana kopo lake, limeungua hadi jeusi tii, na haruhusu mtu alitupe. Kwenu mnawashaje mkaa? Na kama babu au mjomba wako alikuwa fundi bati, tuandikie jina lake hapo chini, angalau mmoja ajulikane.